JE, MUNGU ANASIKIA MAOMBI YA MWIZI?



Karatasi hii umepewa bure. Usiitupe, wala usiifungie karanga kabla hujaisoma. Najua unasema moyoni, "Hawa walokole wameanza tena." Sawa, ndugu yangu. Lakini leo sikuulizi unakunywa nini wala unavaa nini. Nina swali moja tu, na swali hili liliniuma mimi kabla halijakufikia wewe.

Mtu ameiba. Hakukamatwa. Baadaye anapiga magoti, analia machozi ya kweli, anasema, "Mungu nisamehe." Lakini kile alichoiba bado anacho, na aliyeibiwa bado analia. Je, huyo mtu amesamehewa? Mungu anasikia maombi yake, au anajidanganya mwenyewe?

Usikimbilie kusema, "Mimi siyo mwizi." Wizi siyo kuvunja dirisha tu. Konda anayekula chenji ya bibi kizee ni mwizi. Fundi anayetoa kifaa kizima kwenye simu yako na kukuwekea kibovu ni mwizi. Kijana aliyekopa kwa rafiki yake, kisha akabadilisha laini ili asipatikane, ni mwizi. Aliyeona hela za mtu zimeingia kwenye simu yake kwa makosa akakimbia kuzitoa, je, huyo tumwiteje? Aliyempa binti mimba akahamia mji mwingine ameiba kitu kikubwa kuliko ng'ombe. Na aliyemsingizia mwenzake ameiba jina lake. Jina likishaibiwa, halinunuliwi dukani.

Sasa umeona? Tuko wengi humo.

MAJIBU MAWILI YA MTAANI

Ukiuliza swali hili kijiweni utapata majibu mawili. Wa kwanza atasema, "Mungu ni wa rehema. Ukishatubu yamekwisha, ya zamani uyaache." Wa pili atacheka: "Achana nao hao! Mtu anakesha kanisani anapiga kelele, na dukani kwa Mangi ana deni la miezi 6."

Jibu la kwanza ni tamu. La pili ni kali. Mimi nakuambia hilo la pili lina ukweli ndani yake, na shahidi ni mimi mwenyewe. Mnafiki huyo nilikuwa mimi.

YALIYONIPATA

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimemaliza darasa la 7, nikapata kibarua kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Tulikuwa vijana wawili, mimi na mwenzangu mmoja. Tulikula sahani moja. Siku moja mwenye duka alisafiri kufuata mzigo, akamwachia mwenzangu ufunguo wa droo. Mwenzangu alipotoka kwenda msalani, akaacha ufunguo juu ya meza. Nilichukua shilingi 180,000. Haikuchukua hata dakika mbili.

Mzee aliporudi akahesabu hela, hazikutosha. Akauliza, "Ufunguo alikuwa nao nani?" Basi. Mwenzangu alipigwa mbele ya watu, akafukuzwa bila mshahara wake wa mwezi. Mzee akanigeukia mimi: "Wewe unajua chochote?" Nikatikisa kichwa. Mwenzangu aliniangalia. Mpaka leo naliona lile jicho.

Zile hela nilinunua simu na raba. Simu iliharibika mwaka ule ule.

Mwaka 2012 nikaokoka kwenye mkutano wa Injili kama huu. Sikuigiza, nililia kweli kweli. Nikaacha pombe, nikaanza kuhudhuria mikesha, nikanena kwa lugha, nikapewa kuongoza maombi ya vijana. Watu wakasema, "Kijana huyu ana upako." Lakini mimi nilijua kitu kimoja ambacho wao hawakukijua. Nikitoka nyumbani kwenda kanisani nilizunguka kwa barabara ya nyuma, nisipite mbele ya lile duka. Na yule mwenzangu alikuwa anaponda kokoto kule mlimani, maana hakuna duka lililotaka kumwajiri mwizi.

Kila nikifumba macho kuomba, sura yake inakuja. Mimi nikadhani ni shetani ananisumbua! Nikakemea. Nikafunga siku 3. Nikakemea tena. Haiondoki.

Nikamwendea mama mmoja mwombaji pale kanisani, mtu mzima. Nikamwambia, "Mama, niombee, kuna roho inanishtaki." Akaniuliza inanishtaki nini. Nikamweleza yote. Sikuombewa siku hiyo. Aliniambia tu, "Mwanangu, hapo hakuna pepo wa kukemea. Unamwomba Mungu akufungulie mlango, na ufunguo uko mfukoni mwako."

NENO LINASEMAJE?

Niliporudi nyumbani nikafungua Biblia. Na wewe ukipata Biblia fungua, usiniamini mimi tu.

Isaya 1:15-17. Mungu anawaambia watu wa dini kwamba wakinyosha mikono atafumba macho, na hata wakizidisha maombi hatasikia, kwa sababu mikono ile ina damu. Anawaambia waoge kwanza, wajifunze kutenda mema, wamtetee yatima na mjane. Ona jambo hili: tatizo halikuwa uchache wa maombi. Maombi yalikuwa mengi! Tatizo lilikuwa mikono.

Mathayo 5:23-24. Yesu anasema ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana jambo juu yako, iache sadaka pale pale. Nenda upatane naye kwanza, ndipo urudi. Maana yake nini? Njia ya kwenda kwa Mungu wakati mwingine inapita nyumbani kwa jirani. Ukiikwepa nyumba ile, umeikwepa njia.

Mambo ya Walawi 6:1-7. Mwizi alitakiwa kurudisha chote alichochukua na kuongeza sehemu ya 5 juu yake. Alimpa mwenyewe mali yake siku ile ile aliyoleta sadaka ya hatia kwa Bwana. Vyote viwili vilikwenda pamoja. Huwezi kumpa Mungu kondoo, halafu ukabaki na ng'ombe wa mtu.

Basi nikapiga hesabu. Sehemu ya 5 ya 180,000 ni 36,000. Jumla 216,000. Mimi nilikuwa mbeba mizigo sokoni. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuzipata.

SIKU NILIYOKWENDA

Ilikuwa mwaka 2014. Yule mzee ni Mwislamu, mtu wa swala tano. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikasema, "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikaweka zile hela juu ya meza, nikamwambia, "Mzee, mwaka 2009 mwizi nilikuwa mimi. Yule mwenzangu hakuchukua hata senti."

Alinyamaza muda mrefu. Nilitegemea polisi, au fimbo. Kisha akasema, "Hela nimezipokea. Lakini yule mtoto nilimpiga kwa mkono wangu huu. Hilo nani atanirudishia?" Nikaona machozi kwenye macho ya mzee. Jamani! Dhambi yangu ilikuwa imemfanya mtu asiye na kosa kuwa mwonevu, na mwingine asiye na kosa kuwa mwizi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nanena kwa lugha.

Akafunga duka, tukaenda wote. Mwenzangu tulimkuta nyumbani kwao. Nikasema mbele ya majirani, sauti inatetemeka. Mzee naye akasema la kwake, akamlipa mshahara wake uliobaki pale pale. Mama yake mwenzangu akatoka ndani, mikono ina unga, akasema, "Rudia, mwanangu. Sema kwa sauti, na wale wa nyumba ya pili wasikie." Nikarudia.

Ungependa nikuambie kwamba tulikumbatiana? Hapana. Mwenzangu alisema, "Miaka 5 nimeitwa mwizi. Wewe ulikuwa wapi?" Akaingia ndani. Alikuwa na haki. Msamaha ni wake, siwezi kumdai. Leo tunasalimiana, lakini urafiki ule wa sahani moja haujarudi.

Usiku ule sikukesha. Niliomba dakika 5 tu, na sura yake haikuja kunishtaki. Nililala kama mtoto.

"KWA HIYO TUNAOKOLEWA KWA KULIPA?"

Hapana! Sikiliza vizuri hapa, watu wengi hupotea hapa. Wokovu ni zawadi, haununuliwi (Waefeso 2:8-10). Ungelipa mara 100 usingefuta dhambi hata moja mbele za Mungu. Damu ya Yesu ndiyo inayosafisha.

Mwangalie Zakayo, mtoza ushuru (Luka 19:1-10). Yesu alimwita ashuke kutoka juu ya mti kabla hajarudisha hata senti. Hakumwambia, "Lipa kwanza ndipo niingie kwako." Yesu ameshamkubali, ndipo Zakayo anasimama mwenyewe, bila kuulizwa, na kusema nusu ya mali atawapa maskini, na aliowadhulumu atawarudishia mara 4. Mtu hapewi mvua kwa sababu shamba lake limeota. Shamba linaota kwa sababu mvua imenyesha. Lakini kama unasema mvua imenyesha kwako mwaka mzima na hakuna hata jani moja, tuseme nini? Labda ulisikia ngurumo tu.

Kwa hiyo mtu wa kijiweni anayesema "tubu tu, yamekwisha" amekosea. Anafikiri toba ni maneno. Na yule anayesema "wanaosali wote ni wanafiki" naye amekosea. Ameona ngurumo, hajaona mvua.

NENO "MLOKOLE" LILITOKA WAPI?

Unatuita walokole kwa kutucheka. Je, unajua neno hilo limetoka wapi? Ni la Kiganda. Balokole maana yake ni waliookoka. Nakupa habari yao kwa kifupi.

Mwaka 1929 kulikuwa na daktari Mwingereza, Joe Church, mmisionari wa hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Alikuwa amechoka, moyo umekauka. Akasafiri mpaka Kampala, na pale kilima cha Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, mtu mwenye njaa ya Mungu kama yeye. Mzungu na Mwafrika, enzi zile za ukoloni, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba wajazwe Roho Mtakatifu. Hapakuwa na spika wala jukwaa.

Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini. Ukaenda Uganda, Burundi, Kenya, na huku kwetu ukaingia Bukoba. Ndiyo ulioitwa Uamsho wa Afrika Mashariki. Hawa hawakuwa Wapentekoste kama mimi, wengi walikuwa Waanglikana, nasi hatuwezi kuwanyang'anya habari yao. Na watu waliwatambuaje? Siyo kwa kelele. Waliungama hadharani, wakarudisha mali walizoiba, wakalipa madeni, wakaomba radhi kwa waliowachukia. Hata wamisionari wazungu waliwaomba Waafrika msamaha kwa kiburi chao. Jirani asiyejua hata mstari mmoja wa Biblia alielewa, maana kitu chake kilichopotea kimerudi mlangoni na aliyekichukua amesimama hapo!

Huo ndio uamsho. Maombi yakifika mbinguni kweli, yanarudi chini yakiwa na miguu, yanabisha hodi kwa mtu.

LAKINI MWAKA 1994 JE?

Kijana mwenye akili ataniuliza: "Mwinjilisti, hiyo Rwanda ndiyo ile ile ya mauaji ya kimbari?" Ndiyo. Ndiyo hiyo hiyo. Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, waliuawa watu wengi mno. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni 800,000 au zaidi. Wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na waliowaua wengi walikuwa wamebatizwa. Wako pia waamini waliowaficha majirani zao, na wengine wakafa pamoja nao. Lakini hatuwezi kuficha aibu ile.

Inatufundisha nini? Uamsho haurithiwi kama shamba. Babu alirudisha ng'ombe wa watu, mjukuu amebaki na wimbo tu. Chuki ni deni pia. Usipoilipa kwa kupatana, inazaa riba, na siku moja riba yake inadaiwa kwa damu. Kwa hiyo usiniambie, "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya Wakristo." Wewe mwenyewe mikono yako ikoje leo?

"MIMI SINA CHA KURUDISHA"

Labda unasema, "Niliyemwibia amekufa," au "Nimeharibu kiasi kwamba hata nikifanya kazi mpaka uzee sitalipa." Sasa njoo nikupe jibu la swali tulilouliza mwanzo.

Mungu alisikia maombi ya mwizi. Ndiyo, alisikia! Soma Luka 23:39-43. Ni yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu. Mikono yake imepigiliwa misumari, hawezi kurudisha hata kuku. Muda wake umekwisha. Lakini mdomo wake ulikuwa huru. Akafanyaje? Alisema ukweli wake: mimi nimestahili adhabu hii. Kisha akamtetea asiye na kosa: huyu hakufanya ubaya. Ndipo akamwomba Yesu amkumbuke, na siku ile ile akaahidiwa paradiso.

Umeona, ndugu yangu? Alirudisha kile kimoja alichobaki nacho. Hakuwa na mali, alikuwa na ukweli. Mungu hakudai usichokuwa nacho. Anakudai kile ulichokishika na hutaki kukiachia. Mimi nilikaa miaka 5 nimeushika ukweli wa mwenzangu mdomoni. Siku ya kwanza tu ningeweza kuutoa, haukuhitaji hata shilingi.

FANYA HIVI

1. Njoo kwa Yesu kwanza, jinsi ulivyo. Usisubiri kwanza uwe msafi. Mgonjwa hasubiri apone ndipo aende hospitali.

2. Kaa peke yako, umwombe Mungu akuonyeshe mtu mmoja. Wengi watakuja baadaye. Anza na mmoja. Jina limeshakuja, sivyo? Hilo hilo.

3. Nenda kwake. Ungama ya kwako, usitaje ya mwenzako. Usiseme "shetani alinipitia" wala "nilikuwa mdogo". Sema "niliiba", "nilidanganya".

4. Kama huna hela yote, peleka kidogo kidogo. Peleka hata kwa simu, lakini mwambie mwenyewe ni ya nini.

5. Kama ni jambo zito, la kuumiza mtu au linalohusu sheria, usiende peke yako. Tafuta mtu mzima mwaminifu akusindikize. Na kama wewe ndiye uliyetendewa ubaya, usilazimishwe na mtu kusema umesamehe. Mpelekee Mungu maumivu yako, anasikia.

6. Usimdai aliyeumizwa akusamehe. Wewe rudisha, yeye mwachie Mungu.

7. Hela ya mtu usiniletee mimi, wala usiitie kwenye kapu la sadaka. Mpe mwenyewe.

OMBA MANENO HAYA KUTOKA MOYONI

"Ee Mungu, mimi ni mwenye dhambi. Nimechukua kisichokuwa changu, na nimenyamaza pale nilipotakiwa kusema. Sina cha kukulipa wewe. Naamini Yesu alikufa kwa ajili yangu na akafufuka. Nisamehe, unioshe, uniandike kuwa mtoto wako. Nipe Roho wako Mtakatifu, anipe ujasiri wa kwenda kwa yule ninayemjua mimi na wewe. Nikiogopa, nishike mkono. Kwa jina la Yesu. Amina."

Kama umeomba hivyo, usiondoke kimya kimya. Njoo mbele pale jukwaani tukuombee, au nenda kanisa lolote la karibu linalohubiri Biblia, uwaambie, "Nimempokea Yesu." Lakini kabla ya ibada ya kwanza, pitia kwanza kwenye ile nyumba.

Usipite tena barabara ya nyuma.

UKIMALIZA KUSOMA, MPE MWENZAKO. MUNGU AKUBARIKI.